Vijana wafundishwe kurekebisha programu kwa zana, si kwa "tafuta na badilisha"

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na walimu wa kompyuta wa Lamu na Malindi. Mwanafunzi anafundishwa kuandika klasi, yaani kiolezo cha vitu vya aina moja, na methodi, yaani kitendo cha klasi, na akifaulu anapewa programu nyingine aanze upya. Kuirekebisha iliyokwisha andikwa hafundishwi, na huko kazini hiyo ndiyo itakayomla siku nyingi. Akitakiwa kubadili jina moja tu, mkono unakwenda kwenye "tafuta na badilisha".

Tuchukue programu ya vyombo vya baharini. Klasi mama ni Chombo, na chini yake kuna Jahazi, Mashua na Boti. Jahazi ina kigeu, yaani jina linaloshika thamani, kiitwacho tanga. Kwa kuwa majahazi makubwa yana pia galme, yaani tanga dogo la nyuma, mwanafunzi anataka tanga liitwe tangaKuu. Anabadilisha faili zote kwa mkupuo. Abiria wanasomewa "matangaKuuzo", na orodha ya shehena inachapisha magunia ya "tangaKuuwizi". Kompaila, ile inayoigeuza programu kuwa lugha ya mashine, haisemi kitu, maana maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu haiyachunguzi.

Zana ya rifaktaringi, yaani ya kubadili umbo la ndani la msimbo (maandishi ya programu) huku programu ikitenda yale yale, haitafuti herufi. Huisoma programu ikaijengea mti wa muundo wake, ikajua hili ni kigeu cha Jahazi na lile ni neno tu la kuchapishwa. Kisha, na hapa ndipo tungependa walimu watue, hukagua masharti kabla ya kugusa chochote. Masharti hayo aliyaandika William Opdyke katika tasnifu yake ya mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mfano: methodi ya Jahazi iitwayo funga inataka kuitwa tiaNanga. Je, Chombo hakina tiaNanga tayari? Kikiwa nayo, ile ya Jahazi itaifunika ya mama na kushika nafasi yake kimyakimya, na kila jahazi litaanza kutenda lisiloagizwa. Kinyume chake pia ni hatari: ukibadili jina kwa mama peke yake, methodi ya mtoto haifuniki tena kitu. Katika lugha ya programu ya Java, alama ya @Override juu ya methodi ya mtoto huifanya kompaila ilikamate kosa hili la pili, kwa hiyo iwekwe kila mara.

Lugha nazo hazilingani. Java inajua aina ya kila kigeu, basi methodi shusha ya tanga haichanganyi na methodi shusha ya mzigo. Smalltalk, lugha nyingine ya programu, haitangazi aina. Don Roberts na John Brant, walioitengenezea Smalltalk zana ya Refactoring Browser miaka ya 1990, walijaribu pia njia ya kuifunga methodi ya zamani ndani ya kinasa: programu ikiendeshwa, kila anayeita jina la zamani anarekebishwa papo hapo. Upungufu wake uko wazi. Mstari usiopitiwa na majaribio, yaani programu ndogo zinazopima kama ile kubwa inatenda sawa, haurekebishwi. Toleo lao la kwanza lilisimama peke yake, nje ya mazingira ya kuandikia, na hawakulitumia hata wao wenyewe. Lilianza kutumika lilipoingizwa ndani ya kivinjari cha msimbo, dirisha lile lile la kusomea na kuandikia programu. Kwa hiyo mwanafunzi aoneshwe zana pale pale anapoandikia.

Kutoa kipande cha methodi ndefu kukifanya methodi yake kuna mtego wake. Chagua mistari minane inayohesabu nauli ya mzigo. Ikiwa ndani yake vigeu viwili, nauli na uzito, vinapewa thamani mpya na vyote vinahitajika chini, zana itakataa, kwa sababu methodi ya Java hurudisha thamani moja. Mwanafunzi asilazimishe. Agawe mistari ile kwanza, nauli mbali na uzito mbali, kisha atoe kimoja kimoja.

Utaratibu: majaribio yapite yote, hali ihifadhiwe kwenye Git, zana ya kutunza kila toleo la programu, lifanywe badiliko moja kwa zana, yapite tena, ihifadhiwe. Rifaktaringi isichanganywe na kuongeza kazi mpya katika hifadhi moja, kwani kosa likitokea hutajua limeingia na lipi.

Kuna mahali zana haifiki: jina la methodi lililounganishwa kutoka vipande vya maneno programu ikiwa inakwenda, au lililoandikwa kwenye faili ya mipangilio. Huko ndiko "tafuta" inafaa, bila "badilisha", na kila tokeo lisomwe kwa jicho.

Gharama si kisingizio. Eclipse ya kuandikia Java na Pharo ya Smalltalk ni za bure, na zikishapakuliwa rifaktaringi zake hazihitaji intaneti. Katika mtihani ujao, mwanafunzi apewe programu ya mistari 400 iliyoandikwa na mwingine, pamoja na majaribio yake, aambiwe aipange upya bila jaribio hata moja kuanguka.

Waandishi wa programu,
Langoni, Lamu