Subiri kidogo kabla ya kupeleka mswada

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nimekawia kujibu, uniwie radhi. Mswada wa hadithi yako ya kutisha ya watoto nimeusoma mara mbili, na juzi Mariamu kanidokeza kwamba unataka kuupeleka kwa mchapishaji mwisho wa mwezi huu. Ndiyo maana naandika usiku huu huu: tafadhali, usiupeleke bado.

Usishtuke, hadithi ni nzuri. Kisima kinachomwigiza kila anayekiita, hilo litamkosesha usingizi mtoto yeyote wa miaka kumi. Shida iko kwenye miisho ya sura. Una sura 24, na nimezihesabu: 15 zinaishia kwa hofu ya bandia. Mkono unamshika Kito, mhusika wako mkuu, begani. Tunafungua ukurasa, kumbe dada yake. Kivuli dirishani, kumbe paka. Hila hiyo ni halali, wanaowaandikia watoto hadithi za kutisha huitumia sana. Ila mtoto akichezewa hivyo mara tatu mfululizo, ya nne haogopi tena, anamsubiri paka. Na ya nne kwako ni sura ya 11, kisima kinapojibu kwa mara ya kwanza! Tukio lako bora kuliko yote linamkuta msomaji keshaacha kukuamini.

Chukua karatasi uandike namba za sura zote, na mbele ya kila moja uweke K kwa hofu ya kweli au B kwa ya bandia. B mbili zisifuatane. Kuanzia sura ya 16 zisiwepo kabisa, maana hapo hatari imeshajitokeza wazi. Halafu kila B utakayoibakiza iache kitu nyuma yake. Dada amshike Kito begani kwa mikono iliyolowa maji, ilhali hakuna alikotoka kunawa. Msomaji atashusha pumzi, kisha sura mbili mbele ataikumbuka ile mikono.

R. L. Stine, mwandishi wa Goosebumps, vile vitabu vya kutisha vya watoto, huanza na jina la kitabu, kisha hupanga mtiririko wa sura zote ndipo aandike. Sura ikipangwa mapema, mwisho wake hauokotwi njiani. Mfululizo wa kwanza wa Goosebumps ulianza 1992 na kufikia vitabu 62, na kwa kawaida kila kimoja kina wahusika wake na kinajitegemea. Kitabu cha pili cha mfululizo wako hakieleweki bila cha kwanza. Mtoto akikikuta hicho peke yake rafuni, atakirudisha. Acha kisima kiwe kilekile, ila kila kitabu kiwe na mtoto mwingine na kisa kinachoisha.

Mbwa wa sura ya 9 asife. Kwa wasomaji wa miaka 8 hadi 12 kifo hicho kinaleta majonzi, na majonzi huizima hofu. Apotee, arudi baada ya siku mbili akiwa mkavu na mtulivu, aitwe jina lake asigeuke.

Narudi kwenye sura ya 11, maana hainitoki kichwani. Umeifunga hivi: "Kito alisikia sauti ya kutisha sana." Neno "kutisha" halimtishi mtu, Zuhura. Mwache Kito aulize, "Nani yuko huko?" Kisima kirudie, "Nani yuko huko?" Mwangwi tu. Kito anyamaze. Kisha kisima kiseme, "Mbona umenyamaza?" Kata hapo hapo, usiongeze hata neno moja. Na sura ya 12 ianze Kito akiwa bado ameinama ukingoni; usituhamishe kwenda mezani kwa mama, mtoto ataona umemnyima haki yake.

Wazazi wa Kito umewaweka vizuri, wapo lakini hawaamini. Simu ndiyo inayosumbua: anayo mfukoni toka sura ya 2, basi kwa nini hampigii mtu? Iishiwe chaji mapema, mbele ya macho yetu, kabla haijahitajika.

Sasa niambie. Kito ana miaka mingapi hasa, maana sura ya 1 inasema 9 na ya 14 inasema 11? Mpe 12, watoto hupenda kusoma habari za waliowazidi kidogo. Kisima hakiwezi kufanya nini? Una sheria yake mahali umeiandika, au unaibuni kadiri unavyokwenda? Umeshamsomea mtoto yeyote kwa sauti, ukaona anaanza kuchezacheza na vidole ukurasa gani? Jalada anachora nani, na unaweza kumwomba asikionyeshe kilichomo ndani ya kisima? Na mchapishaji, atakubali kusubiri wiki tatu?

Nijibu upesi. Msalimie Mariamu.

Rafiki yako akupendaye,
Neema