Eka za bondeni

Wichita, Kansas, Marekani

Kaka Baba Kulwa, shikamoo.

Ujumbe wako nimeupata, na sauti ya shemeji nimeisikiliza mara mbili. Hela ya dawa za Mama nimetuma jana. Hiyo ya mpimaji, ili eka sita za bondeni ziuzwe, situmi.

Usiseme nimevimba kichwa kwa sababu nimekuwa msimamizi wa zamu (ndiyo, nimepandishwa, na gari nimebadilisha, picha inakuja). Baridi ipo, tumeizoea.

Juzi Jumapili nilikwenda Nicodemus. Ni kijiji cha hukuhuku Kansas, cha watu weusi waliotoka Kentucky mwaka 1877, wengi wao wamezaliwa utumwani, wakafuata ardhi magharibi. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu eka 160 akikaa miaka mitano na kulima. Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe, wakasukumwa kando. Hilo nalo lisemwe. Wageni walikuta nyika tupu, hata mti wa kujengea hakuna, wakachimba mashimo wakaishi humo. Mama mmoja, Willianna Hickman, alifika mwaka 1878 akauliza mji uko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Akaangua kilio.

Nikamkumbuka Bibi. Siku walipoingia Geita na Babu kutoka Kwimba, miaka ile ya 1950, pori na mbung'o tupu, si alikaa chini ya mti akakataa kufungua mzigo wa vyungu mpaka giza likaingia? Wewe ndiye uliyekuwa ukiiga sauti yake, sisi tunavunjika mbavu.

Mwaka 1888 reli waliyoingoja Nicodemus ikapita ng'ambo ya mto, wenye maduka wakaifuata. Wakulima wachache wakang'ang'ania. Mpaka leo, kila mwisho wa Julai, wajukuu wanatoka miji ya mbali kuja kukutana palepale. Mimi nikija na wanangu, utanipokelea wapi, Kaka? Kwenye ukuta wa mnunuzi?

Najua utasema sikuja kumzika Baba. Ni kweli. Hilo nakuomba tuliongee kwa simu, si mbele ya shemeji.

Mama akipata mtu wa kuja huku, ampe kilo mbili za michembe. Ya viazi vya bondeni, siyo ya sokoni.

Mdogo wako.