Tusifute kompyuta nzima kwa sababu ya programu moja iliyoondolewa vibaya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na mafundi wenzangu wa kompyuta, na zaidi na wateja wanaotuletea mashine zao za nyumbani, kuhusu desturi iliyoota mizizi ya kufuta diski nzima na kupiga Windows upya kila mara kompyuta inapogoma baada ya programu fulani kuondolewa vibaya. Kazi hiyo humalizika upesi, fundi hulipwa, na mteja huondoka na mashine inayowaka bila tabu. Baadaye ndipo anapogundua kwamba picha za harusi, barua za kikazi na hesabu za duka havipo tena, ilhali kilichomleta kwa fundi kingeweza kutengenezwa bila kugusa hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Tatizo lenyewe huanza kwa jambo dogo. Mtu anataka kuondoa programu, tuseme kizuia virusi cha majaribio kilichokuja na mashine kutoka dukani na ambacho muda wake umekwisha, na badala ya kupitia orodha ya programu iliyomo katika Settings au Control Panel, anafungua diski C, anaingia katika folda ya Program Files, analiona jina la programu ile na kufuta folda yake yote. Mwingine hufuata njia sahihi, lakini umeme hukatika kazi ikiwa nusu. Programu ikiwa ni mchezo wa watoto au kamusi, hakuna kubwa linaloharibika zaidi ya jina lake kubaki kwenye orodha. Ikiwa ni kizuia virusi, programu ya VPN (ya kupitisha intaneti kwa njia ya faragha) au ya kuchomea CD, mambo ni mengine kabisa, kwa sababu hizo hazikai ndani ya folda yake peke yake, bali hujipachika katika mfumo endeshi wenyewe, yaani Windows.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo penye kiini cha hoja yangu. Programu ya namna hiyo inaposakinishwa, huandika katika rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio ya mfumo, jina la draiva yake (programu ndogo inayozungumza na kifaa) na kuagiza kwamba kila kinachopita kwenye kadi ya mtandao, au kwenye kisomeo cha CD, kipitie kwanza kwake ili kikaguliwe. Anayefuta folda huondoa faili tu; majina na maagizo hubaki palepale. Kompyuta inapowashwa, Windows husoma maagizo hayo, humtafuta aliyetajwa, hamkuti, na mara nyingi hukataa kukiwasha kifaa chenyewe, ingawa kifaa hicho ni kizima. Katika Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, kitaonekana na alama ya pembetatu ya njano na pengine namba ya kosa 19 au 39, na fundi mwenye haraka atasema kadi imekufa au Windows imeoza.

Hivi karibuni mama mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu mstaafu, aliniletea kompyuta mpakato ambayo intaneti ilikatika siku ileile mjukuu wake alipofuta folda ya kizuia virusi. Alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine. "Mwanangu, nimeambiwa dawa yake ni kuifuta yote," aliniambia. Nilipofungua sifa za kadi ya mtandao, pale panapoorodheshwa huduma zinazoitumia kadi hiyo, kila moja ikiwa na kisanduku chake cha tiki, jina la kizuia virusi kilichofutwa lilikuwa bado lipo na tiki yake imewekwa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye orodha ya programu nako kilikuwapo. Nilipobonyeza ili kukiondoa, ujumbe ulidai kwamba faili ya kuondolea haipatikani, jambo la kweli kabisa, kwa kuwa nayo ilikuwa ndani ya folda ile ile.

Dawa yake huwashangaza wengi: ni kuirudisha programu usiyoitaka. Nilitumia kompyuta nyingine kupakua toleo lilelile la kizuia virusi kutoka tovuti ya watengenezaji wake, nikachukua kisakinishi kamili na si kile kidogo ambacho huhitaji intaneti ili kuvuta sehemu iliyobaki, nikakihamisha kwa flashi na kukisakinisha juu ya mabaki. Faili ziliporudi mahali pake, maagizo yaliyokuwa yananing'inia yalipata mwenyewe. Niliwasha mashine upya, kisha nikaiondoa programu kwa njia yake halali, na safari hii yenyewe ilijing'oa kwa mpangilio unaotakiwa, maagizo kwanza na faili baadaye. Intaneti ilirudi. Defender, ambayo ni kinga ya Windows yenyewe na ambayo hukaa pembeni kizuia virusi kingine kinapojiandikisha, nayo ikaanza kazi. Picha na nyaraka za mwalimu hazikuguswa.

Sidai kwamba njia hiyo hufaulu kila mara. Kisakinishi kinapokataa, watengenezaji wa vizuia virusi vinavyojulikana, kama Kaspersky, ESET, Avast na McAfee, hutoa bure programu ndogo maalumu za kusafisha mabaki ya bidhaa zao, na nyingine kati ya hizo hutakiwa kutumika kompyuta ikiwa imewashwa katika hali salama (Safe Mode), ambamo Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Niongeze angalizo kuhusu jambo ambalo limewapoteza mafundi chipukizi: katika hali salama huduma ya Windows Installer, inayosakinisha na kuondoa programu, kwa kawaida haifanyi kazi, hivyo programu nyingi za kawaida zitakataa kuondolewa ukiwa humo, na kukataa huko si dalili ya uharibifu mpya. Kwa upande wa mtandao, Windows 10 na 11 zina kitufe cha kuuweka upya mtandao mzima katika Settings. Huziondoa kadi zote za mtandao na kuzisakinisha tena, na faili za mwenye mashine haziguswi, ila nywila za Wi-Fi itabidi aziingize upya, na programu za VPN huenda zikahitaji kusakinishwa au kupangwa tena. Kama huduma ya kurejesha mfumo ilikuwa imewashwa kabla ya ajali, kurudi kwenye hali ya siku iliyotangulia nako husaidia, ila katika mashine nyingi ninazoziona imezimwa.

Nisichokipendekeza ni zile programu zinazojitangaza kuwa husafisha rejista kwa kubonyeza mara moja. Microsoft wenyewe waliwahi kutoa zana ya kufuta kumbukumbu za usakinishaji, iliyoitwa Windows Installer CleanUp Utility, na mwaka 2010 waliiondoa kwa sababu ilikuwa ikiharibu sehemu nyingine za kompyuta. Ikiwa waliouandika mfumo walishindwa kuifanya kazi hiyo kwa usalama, sioni kwa nini tuamini programu ya bure isiyojulikana mwenyewe. Vivyo hivyo, folda iliyofichwa inayoitwa Installer ndani ya folda ya Windows isifutwe na mtu anayetafuta nafasi kwenye diski, kwa kuwa ndimo zinamohifadhiwa nakala zinazohitajika ili programu zitengenezwe, zisasishwe au ziondolewe baadaye.

Wanaodhani kwamba makosa haya ni ya watumiaji wasiojua kompyuta wakumbuke kisa cha mwaka 2005, pale mtaalamu wa Windows, Mark Russinovich, alipogundua kwamba CD ya muziki ya kampuni ya Sony BMG ilikuwa imesakinisha kwa siri programu ya kuzuia kunakili katika kompyuta yake. Alipozifuta draiva zake kwa mkono, kisomeo chake cha CD kilitoweka, kwa sababu ileile niliyoieleza hapo juu, na ilimbidi aingie katika rejista na kuondoa majina yaliyobaki. Kampuni ilipotoa njia yake ya kuiondoa programu hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walibaini kwamba njia hiyo nayo ilifungua mwanya mkubwa wa usalama, na mwezi Novemba mwaka huohuo CD hizo ziliondolewa sokoni. Kwa hiyo nisingependa mjukuu wa mwalimu abebeshwe lawama zote. Wanaotengeneza programu zinazojipachika kwa kina namna hiyo wana wajibu wa kuhakikisha kwamba zinang'oka salama, na wauza kompyuta wanaojaza programu za majaribio wangemtendea haki mnunuzi kama wangeziondoa kabla hajabeba mashine yake.

Kwa mafundi wenzangu, ombi langu ni kwamba kabla ya kutaja kufuta, tumuulize mteja aliondoa nini, lini na kwa njia gani, kisha tujaribu kuirudisha programu hiyo. Zipo hali ambazo kufuta hakuepukiki, kama virusi vimeuvuruga mfumo wote au diski yenyewe inakufa, nami nisingemcheka fundi aliyefikia hapo baada ya kujaribu mengine. Hata hivyo, folda ya Users, yenye faili binafsi za mtumiaji, inakiliwe kwanza kwenye diski ya nje mbele ya mwenye mali, naye azifungue picha mbili tatu kuhakikisha kwamba zimo. Kisha afahamishwe kwamba Windows 10 na 11 zina chaguo la kuweka mfumo upya huku faili binafsi zikibaki. Programu alizoongeza ndizo zitakazoondoka, na mara nyingi hilo latosha.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa kompyuta,
Morogoro.