Kobe wako akiwa bado waya

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila mikono yangu imepauka kwa saruji. Nimefurahi mno kusikia unataka kutengeneza sanamu ya kobe wa kukaa bustanini na kwamba saruji umeshanunua. Naomba uiweke mahali pakavu, juu ya mbao, uisahau kwa muda. Wiki ya kwanza ni ya waya.

Nasema hivi kwa sababu ya korongo wangu, yule ndege wa saruji niliyemtengeneza. Nilikuwa na pupa ya kumwona amesimama, nikafunga wavu ovyo, nikidhani mabonde yote nitayaziba kwa saruji. Shingo ikawa nene kama gogo. Baada ya misimu miwili ya mvua ikatoa michirizi ya kutu, kisha ikapasuka. Nilipobandua pale penye ufa, nikakuta waya ulikuwa karibu kabisa na uso. Kutu huvimba, Rehema. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ikalisukuma zege kutoka ndani. Niliumia sana, maana yule ndege nilimpenda.

Kwa hiyo anza na mifupa. Nondo za milimita 6 zinatosha kwa kobe: mgongo, miguu, shingo. Miguuni acha nondo zichomoze chini zipate kushika kwenye msingi. Usihangaike kutafuta mashine ya kuchomelea. Simon Rodia alijenga ile minara ya Watts kule Los Angeles kati ya 1921 na 1954 bila kuchomelea hata kiungo kimoja. Alifunga vyuma kwa waya na wavu, akavipaka saruji, na mnara mrefu kuliko yote una takriban mita 30.

Juu ya mifupa vuta wavu wa kuku, tabaka mbili au tatu, uzishone pamoja kwa waya mwembamba zisichezecheze. Ncha zote zikunje kwa ndani kwa koleo. Kisha mweke kobe nje jioni, jua likiwa limelala, umzunguke. Kama hafanani na kobe akiwa waya mtupu, saruji haitamfanya kobe. Hapo ndipo pa kukaa siku nyingi, kubonyeza, kuvuta, kufungua na kufunga tena. Mimi hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Mota ni jambo jepesi: saruji kipimo kimoja, mchanga viwili. Mchanga uwe safi, umechekechwa, wala usiwe wa baharini, maana chumvi hula chuma. Kokoto usitie, hazipiti kwenye matundu ya wavu. Maji kidogo tu, kiasi kwamba ukifinya donge linabaki donge. Changanya unachoweza kumaliza upesi, na mota ikishaanza kukaza usiirudishie maji. Vaa glavu za mpira, kwani saruji mbichi huunguza ngozi. Isukume hadi itokeze upande wa pili wa wavu, ikwaruze kabla haijakaza, halafu tabaka la pili lifunike waya wote. Wote kabisa!

Kuna watu humwanika kobe juani akauke. Usithubutu. Saruji hukaza kwa kunywa maji, na ikiyakosa mapema inabaki dhaifu, yenye nyufa. Mfunike kwa magunia mabichi na nailoni juu yake, kivulini, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua 7. Nguvu yake itaendelea kupanda hadi siku ya 28 na hata baadaye.

Korongo nimemkata shingo, namfunga upya. Safari hii ni nyembamba, na imepinda vizuri kama anayetazama majini. Kabla hujafungua mfuko wa kwanza nitumie picha za kobe, ya ubavuni na ya mbele. Nataka sana kumwona kichwa.

Rafiki yako,
Salma