Anzeni na Mlango wa Choo

Nzuguni, Dodoma

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, na habari za mpwa wako zimenigusa. Umeniuliza nilivyopata nyumba baada ya ajali yangu, kwa kuwa naye anakaribia kuruhusiwa kutoka wodini na mnataka ahamie huku. Nitaanza na pale nilipokosea, ili ninyi msilipie kosa lile lile.

Nilipotoka hospitali nilimwambia dalali jambo moja tu, kwamba sitaki ngazi. Akanizungusha Ilazo, Kisasa na Area D, na kila nyumba ilikuwa na kibaraza kilichoinuliwa kukwepa maji ya mvua, ambayo hapa kwetu huja miezi michache tu lakini yakija hayabishi hodi. Nilipochoka nikachukua nyumba yenye ngazi moja, nikalipa kodi ya miezi sita mbele kama wenye nyumba wengi wanavyotaka. Usiku wa kwanza ndipo nilipogundua kwamba kiti changu cha magurudumu, chenye upana wa sentimita 64, hakipiti kwenye mlango wa choo uliokuwa na nafasi ya sentimita 60. Kwa miezi yote sita mdogo wangu alinibeba kila asubuhi, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

Kwa hiyo nendeni na tepu ya fundi, mpime choo kabla ya kutazama sebule. Mlango usipungue sentimita 80, na ukifunguka kwa nje ni bora zaidi. Ndani iwepo nafasi ya kugeuza kiti, yaani kama mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, na choo kiwe cha kukaa. Ulizeni pia habari za maji, tena muwaulize majirani na si dalali, kwa sababu anayetumia mpira wa mkojo hawezi kukaa siku mbili akisubiri mgao bila kujihatarisha kwa maambukizi.

Ngazi za mbele zinatibika. Nyumba ninayokaa sasa ina ngazi tatu, zenye kimo cha sentimita 45 kwa jumla, na kwa kuwa kila sentimita moja ya kimo hudai sentimita 12 za urefu, njia ya mteremko ilihitaji karibu mita tano na nusu. Uwanja haukutosha, tukaikunja kando ya ukuta na kuweka sehemu tambarare ya kupumzikia kwenye kona. Fundi alitaka kuimaliza kwa mita mbili, akisema itashuka vizuri. Kushuka ingeshuka kweli, pamoja na mimi. Mama mwenye nyumba alikubali nusu ya gharama ikatwe kwenye kodi, nasi tukaandikishana mbele ya mjumbe. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, lakini sikuitaja, maana nilikuwa naomba kubomoa kibaraza cha mtu.

Kwa mpwa wako liko jambo jingine ambalo mimi, niliyeumia uti wa mgongo sehemu ya kiunoni, halikunisumbua sana. Umesema yeye ameumia shingoni. Mwenye jeraha la juu namna hiyo hatoki jasho ipasavyo sehemu iliyo chini ya jeraha, na mwili wake hushindwa kujipoza. Nyumba ya bati isiyo na dari, kwa joto letu la Oktoba na Novemba, inaweza kumlaza kitandani. Dari msiifanyie mzaha. Angalieni vilevile umbali kutoka barabara ya lami, kwa kuwa magurudumu madogo ya mbele huzama katika mchanga wetu na msukumaji huchoka kabla ya kufika kwenye bajaji.

Naomba unipimie upana wa kiti chake, kuanzia ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi wa lingine, unitumie kabla ya mwisho wa mwezi. Jirani yangu anahama, nyumba yake ina dari, na mlango wa choo chake nimekwisha kuupima: sentimita 82.

Wako,
rafiki yako wa Nzuguni