Barua kwa mwanangu: taa ya sebuleni ikigoma kuwaka

Marahaba, mwanangu. Huku Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu na anauliza kama lile godoro lilifika.

Nimesoma habari ya taa yako ya sebuleni. Umebadilisha globu, bado haiwaki, na fundi aliyepita anataka kufumua waya za nyumba nzima. Mwambie asubiri. Chumbani kunawaka, jikoni kunawaka, kwa hiyo LUKU ina uniti na meinswichi haijakata. Kasoro iko kwenye globu, holda, swichi, au waya unaoviunganisha hivyo vitatu. Nyumba haifumuliwi kwa sababu hiyo.

Anza na globu, hata kama ni mpya. Ifunge kwenye holda ya jikoni uone. Hizi LED za bei ya chini nyingine hufa kabla hazijatoka kwenye boksi, na mara nyingi kinachokufa ni kile kisakiti cha kwenye kitako kinachopokea volti 230 na kuzigeuza ziwe umeme ambao LED inaweza kuutumia. Ikiwaka jikoni, haina kosa, rudi sebuleni.

Kabla hujapanda kwenye kiti, shusha breka ya taa. Kama huijui ni ipi, zima meinswichi yenyewe, tena fanya hivyo mchana. Kuzima swichi ya ukutani tu hakutoshi, na sababu nitakwambia hapo chini.

Kama holda ni ya pini, ndani utaona vijiti viwili vya shaba vyenye springi. Vibonyeze kwa bisibisi. Kila kimoja kinatakiwa kiruke kirudi. Joto la globu za zamani lililegeza springi nyingi, kijiti kikabaki ndani na hakigusi tena kitako cha globu. Kama ni holda ya kuzungusha, tazama kile kilimi cha katikati, kikiwa kimelala kiinue kidogo. Ukikuta plastiki imekuwa nyeusi na inamomonyoka kama biskuti, usiihangaikie. Nunua holda nyingine.

Swichi nayo usiisahau. Huko Mtwara hewa ya bahari inaitia kutu, na sisimizi wanapenda kuingia ndani yake, sijui wanafuata nini. Swichi isiyolia vizuri ukiibonyeza, au inayopata joto, ibadilishwe.

Hapo ndipo mpaka wako. Kupima waya wenye moto, yaani wenye umeme, mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, ila simama karibu na ujue anachokitazama. Kwanza aijaribu tesa yake, ile bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme, kwenye soketi yenye umeme, maana tesa mbovu haiwaki na mtu anaamini waya umelala. Kisha apime kule juu, kwenye sili rozi, kile kiduara cha darini ambapo waya wa taa unaungwa, globu ikiwa imo na swichi imewashwa. Tesa ikiwaka kwenye waya wa moto na ikawaka pia kwenye nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, asikudanganye kwamba umeme umezidi. Nyutro imekatika. Moto unafika, unapita kwenye globu, unakosa njia ya kurudi, basi taa haiwaki ingawa tesa inang'aa pande zote. Katika kazi yangu hili limewachanganya mafundi wengi kuliko jambo lolote jingine, na ndilo linalowafanya wakimbilie kufumua nyumba. Mara nyingi dawa yake ni skrubu iliyolegea kwenye rozi, au maungio yaliyosokotwa darini na kufungwa tepu tu.

Wala asiamini rangi. Nyumba yako ni ya zamani, kwa hiyo moto ni mwekundu na nyutro ni nyeusi; za siku hizi ni kahawia na bluu. Lakini waya mweusi uliomo ndani ya swichi mara nyingi si nyutro hata kidogo, ni moto unaopanda kwenda kwenye taa.

Halafu nijibu hili: kabla haijafa, LED hiyo ilikuwa inabaki na mwanga hafifu usiku ukishaizima? Inaweza kuwa ni waya mrefu tu unaovujisha kidogo. Inaweza pia kuwa kuna mtu aliifunga swichi kwenye nyutro badala ya moto. Ikiwa hivyo, unazima, taa inalala, na holda bado ina umeme wa kukurusha kwenye kiti. Ndiyo maana nimekwambia breka. Fundi alihakikishe hilo na alirekebishe siku hiyohiyo.

Globu na holda lipa mwenyewe, usigombane na mwenye nyumba kwa vitu vidogo. Waya za darini na ukutani ni zake, mpelekee. Na fundi akiwa juu ya ngazi nipigie, niongee naye kuhusu hiyo nyutro.

Mama yako