Barua kwa vijana wanaofuta michoro yao

Wanangu wa chama cha nyota,

Hamjambo. Nimeona heri niwaandikie nyote kwa pamoja na hadharani, kwa kuwa jambo lenyewe lilitokea hadharani. Jumamosi ile pale ufukweni mmoja wenu alichora Mshtarii na miezi yake minne mikubwa: mitatu kushoto, mmoja kulia. Nikachungulia daftari nikasema, "Umekosea hapo, mitatu iko kulia." Sikumaliza hata maneno. Alilowesha kidole kwa mate, akafuta na kufuta mpaka karatasi ikatoboka, kisha akalikalia daftari. Usiku ule hakuuliza swali jingine.

Tundu lile la karatasi limeninyima usingizi, na likanikumbusha mtu mmoja ambaye sijawahi kumwona ila nimeishi na habari zake miaka mingi. Ni Iosif Shklovsky, mwanafizikia wa nyota wa Muungano wa Kisovieti. Alizaliwa mwaka 1916 katika mji wa Hlukhiv, Ukraine. Kabla ya chuo kikuu alifanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya Baikal-Amur, kwenye baridi ambayo sisi watu wa pwani hata kuiwaza hatuwezi. Macho yake yalikuwa mabovu. Nasema hivyo kwa ajili ya wale wenu wanaolalamika kila wiki kwamba darubini yetu ni ndogo. Huyu alifanya makubwa yake kwa penseli, kwa vipimo vilivyopimwa na wengine, na kwa miaka mingi serikali yake ilimnyima hata ruhusa ya kusafiri akawaone wenzake wa nje.

Mnaijua Kilimia. Tazameni mashariki yake, kwenye ncha ya pembe ya Fahali. Kwa macho matupu hamtaona kitu. Kwa darubini mtaona kiwingu hafifu, ndiyo Nebula ya Kaa. Mwaka 1054 Wachina waliandika kwamba nyota ngeni ilitokea mahali hapo ikaonekana hata mchana, siku 23. Ilikuwa nyota iliyolipuka, na kiwingu ni masalio yake. Kilichowatatiza wataalamu ni mwanga wake. Gesi ya moto ikiwaka hutoa rangi zake maalumu, kama chumvi ikimwagika jikoni inavyougeuza moto kuwa wa manjano. Sehemu kubwa ya mwanga wa Kaa haikuwa na rangi hizo za kuitambulisha. Tena kiwingu chenyewe kilikuwa kikitoa mawimbi ya redio kwa nguvu ya ajabu.

Mwaka 1953 Shklovsky akasema mwanga ule hautokani na joto. Ni elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga, zimenaswa kwenye uga wa sumaku, zinazungushwa, na katika kuzungushwa zinatoa nuru. Na chimbuko la redio ni hilo hilo. Ikiwa ni kweli, basi nuru hiyo lazima itetemeke zaidi kwa upande mmoja, kama kamba unayoitikisa juu na chini tu. Mwaka uliofuata wanaastronomia wawili wa nchi yake, Dombrovsky na Vashakidze, kila mmoja kwa darubini yake, wakapima. Ikawa ndivyo.

Basi mtu wa namna hiyo mngedhani angekaa akalinda jina lake. Hakukaa. Miaka michache baadaye akaushika mwezi mmoja wa Mirihi, Phobos. Vipimo vya Mmarekani mmoja vilionyesha kwamba unazidi kuishukia sayari yake, na kwa kasi kubwa. Shklovsky akapiga hesabu: ili hewa nyembamba ya huko juu iweze kuuvuta hivyo, mwezi lazima uwe mwepesi kupita kiasi, mtupu ndani kama dafu lililonyweka. Na kitu kitupu cha ukubwa ule, alisema, labda kimetengenezwa. Magazeti yalishangilia, mnaweza kufikiri. Lakini vipimo vile havikuwa sahihi. Phobos unashuka kweli, ila polepole sana, kwa mvutano wa jamii ile ile ya maji kujaa na kupwa. Na chombo cha Kimarekani, Mariner 9, kilipoupiga picha mwaka 1971, likaonekana jiwe lenye mashimo, sura ya kiazi.

Kosa hili na ushindi wa Kaa vilitoka mfuko mmoja. Njia ilikuwa ile ile: chukua namba ulizopewa, uliza ni kitu gani kingeweza kuzizaa, uandike mpaka mwisho bila kuona haya, ili mwingine aweze kukukagua. Angekuwa mtu wa kufuta kwa mate, tungekosa vyote viwili. Na mwaka 1962 aliandika kitabu kuhusu uhai na akili katika ulimwengu, mwanaastronomia wa Marekani Carl Sagan akakiongezea maandishi yake kikatoka Marekani mwaka 1966. Miaka kumi baada ya hapo, mwenyewe akaandika kwamba huenda tuko peke yetu. Waliompenda walikasirika. Mimi hoja zake za mwisho hazijanikolea mpaka leo, lakini ujasiri ule wa kuupinga wino wako mwenyewe nauonea wivu.

Mlango wetu naye aliupitia mara mbili, ingawa si kwa miguu. Januari 1959 chombo cha Kisovieti cha Luna 1, kikielekea mwezini, kikiwa zaidi ya kilomita laki moja kutoka duniani, kilimwaga kilo moja ya sodiamu, wazo lake hilo, ili njia yake ionekane. Kiwingu cha rangi ya machungwa kikang'aa dakika chache juu ya Bahari ya Hindi. Sodiamu ndiyo ile ile ya chumvi jikoni.

Mara ya pili ni hapa Ngomeni, jirani na Malindi. Mwaka 1967 Shklovsky alisema chanzo cha eksirei kilichokuwa kikiwashangaza watu katika kundi la Nge ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kizito mno kilichobaki baada ya nyota kulipuka, inayonyonya gesi ya jirani yake. Wengi walimpita tu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililo baharini hapo Ngomeni, wakaiita Uhuru. Nilikuwa mtoto wa shule, nikila biriani ya sikukuu, sina habari. Uhuru ikakuta chanzo kimoja kinachopiga kila sekunde 4.8 na kuzimika kila baada ya siku mbili hivi, kwa kufichwa na mwenzake. Nyota mbili, moja ikiinyonya nyingine, kwa namna ile ile aliyoisema Shklovsky.

Sasa nirudi kwenye daftari. Kuanzia Jumamosi hii sitaki kuona kifutio wala mate. Ukiona umekosea, piga mstari mmoja wenye kusomeka chini yake, andika tarehe pembeni, endelea.

Na wewe mwanangu uliyefuta: nilipofika nyumbani nilikumbuka kwamba darubini yetu ni ya kioo, na picha yake hutoka imepinduliwa, kushoto huwa kulia. Miaka thelathini nimefundisha vioo na lenzi, nikasahau kwa sababu nilikuwa natazama ramani ya kwenye simu badala ya kutazama ulichokitazama wewe. Ulichora ulichokiona, na ulikichora sawasawa. Njoo na daftari hilo hilo, ukurasa ule wenye tundu usiuchane. Nitaandika pembeni yake tarehe na kosa langu, kwa wino.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Malindi